Drili ya betri kwenye winchi ya mashua: mzee ana haki nusu

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yangu na mimi tuna mashua ya tanga ya mita 11. Mzee ana miaka 68 na bega lake la kulia lilifanyiwa upasuaji mwaka jana, kwa hiyo kazi yote ya winchi, zile ngoma za kuvutia kamba za matanga, imeniangukia mimi, na usukani pia ni wangu. Nyumbani tuna drili ya betri ya volti 18. Nimeona watu wakiichomeka kwenye winchi na tanga linapanda bila jasho. Mzee hataki hata kusikia, anasema itavunja winchi. Winchi zetu ni namba 40, gia mbili, za aina inayojishikia kamba yenyewe. Je, drili yetu inatosha? Ninunue biti gani? Betri itafika mwisho wa safari? Na inaweza kunipandisha mlingotini nikabadilishe taa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee wako ana haki nusu. Kuna kitu kitavunjika, ila mara nyingi hakitakuwa winchi. Nitafika huko. Kwa kifupi, ndiyo, drili inazungusha winchi ya namba 40. Mabaharia wengi wanafanya hivyo na mimi ni mmoja wao. Lakini zipo kazi ambazo siipi drili hata nikiwa nimechoka vipi, na swali lako la mwisho limo humo.

Tuanze na hiyo namba 40, maana watu hudhani ni ukubwa wa chuma. Ni idadi ya mara ambazo winchi inazidisha nguvu ya mkono wako ikiwa kwenye gia nzito, ukitumia hendeli ya milimita 254, yaani inchi 10. Chukua urefu wa hendeli, gawanya kwa nusu kipenyo cha ngoma, kisha zidisha kwa gia. Winchi kama zenu ina ngoma yenye nusu kipenyo cha karibu milimita 40, na gia nzito ya kama 6.3 kwa 1. Hapo 254 gawanya kwa 40 ni 6.35, mara 6.3 unapata 40. Gia nyepesi, ambayo ni kama 2.1 kwa 1, inakupa mara 13 tu.

Ukiweka drili mahali pa hendeli, ule urefu wa hendeli unatoka kwenye hesabu. Drili inasokota mhimili moja kwa moja, kwa hiyo kipimo chetu sasa ni nyutonimita. Mtu anayesukuma hendeli hiyo kwa kilo 15, nguvu unayoimudu bila kukunja uso, anatoa nyutonimita 37 hivi. Kwenye gia nyepesi hizo ni mvuto wa kilo 200 kwenye kamba. Kwenye gia nzito ni kilo 600, kabla msuguano haujachukua chake.

Drili ya nyumbani ya volti 18 huandikwa nyutonimita 50 au 60 kwenye boksi. Nzito zaidi huandikwa 80, 100 na kupita hapo. Soma kwa makini. Namba hiyo kubwa hupimwa drili inapokwama ghafla kwenye kitu kigumu, ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Ile inayoweza kuitoa ikikutana na mzigo unaoongezeka polepole, kama tanga, huwa nusu au zaidi ya nusu kidogo. Baadhi ya viwanda huandika namba zote mbili, moja pembeni ya nyingine. Wewe shika ile ndogo. Kama drili yenu ni ya 50 na ile ndogo ni 27 hivi, gia nyepesi itavuta kilo 140 na ushee. Hiyo inatosha kutweka, yaani kupandisha, tanga kuu la mashua ya mita 11 karibu hadi juu. Sehemu ya mwisho, ya kulikaza tanga liwe bapa, itataka gia nzito au mkono.

Kwa hiyo jibu la kwanza: drili yenu inatosha kutweka, ilimradi usiitarajie ifanye kila kitu.

Sasa kwa mzee na kuvunjika kwake. Ukizungusha hendeli kwa mkono, mkono wako ni fyuzi. Kamba ikinasa mahali, bega linakwambia kabla jicho halijaona. Unasita, unatazama juu, unalegeza. Drili haina bega. Inapokutana na kizuizi inaomba umeme zaidi, na betri inaupeleka bila kuuliza. Drili ya nyutonimita 80 kwenye gia nzito ya winchi yenu inaweza kuleta zaidi ya kilo 1,200 kwenye kamba. Winchi nzuri inavumilia. Kitambaa cha tanga, pete ya kichwa cha tanga, vitelezi vya kwenye mlingoti, kapi lililochakaa, hivyo havivumilii.

Mimi nilijifunza kwa fito, vile vijiti bapa vinavyoingizwa kwenye mifuko ya tanga kulishikilia umbo lake. Nilikuwa natweka tanga kuu, nimeinamia winchi, macho yangu yako kwenye drili badala ya juu. Ufito mmoja wa tanga uliingia nyuma ya kamba za kukusanyia tanga, jambo linalotokea kila mashua inapoyumba kidogo kutoka kwenye upepo. Kwa mkono ningehisi uzito umebadilika na ningeshusha shubiri moja. Drili ilibadilisha mlio kidogo tu, ikaendelea. Mfuko wa ufito ulichanika urefu wa mkono mzima na ufito wenyewe ukaruka baharini. Kosa lilikuwa langu lote. Tangu siku ile nina sheria moja chomboni: anayeshika drili hatazami winchi, anatazama kichwa cha tanga. Na kama hawezi kukiona kwa sababu ya paa la turubai, mtu mwingine anatazama na neno lake ni moja, "simama".

Fyuzi iliyopotea unaweza kuirudisha kwa kiasi, na hapa ndipo drili ya kawaida ya nyumbani inaishinda mashine kubwa. Drili nyingi zina pete ya klachi yenye namba, mara nyingi 1 hadi 20 hivi, ile inayotumika kufungia skrubu. Ikifika nguvu uliyoichagua, inaachia na kutoa mlio wa krrr. Usiweke pete kwenye alama ya kutobolea, maana hapo klachi imefungwa na nguvu yote inapita. Anza na namba ndogo siku ya upepo mdogo, mashua ikitazama upepo. Tweka tanga. Klachi ikiachia tanga likiwa bado linapanda huru, ongeza namba moja. Endelea hivyo hadi tanga lote lipande bila klachi kuachia, kisha paka alama ya rangi kwenye pete hapo. Hiyo ndiyo namba ya mashua yenu. Siku klachi itakapolia kabla ya wakati wake, kuna kitu kimenasa, tafuta kwanza. Kuongeza namba ili "ipite" ndiko kunakochana matanga.

Jaribu klachi pande zote mbili, kwenda na kurudi, kwa sababu zipo drili za klachi ya kielektroniki ambazo haziachii zikizunguka kinyume. Na kinyume utakihitaji. Winchi ya gia mbili hubadilisha gia kwa kugeuza upande: ukizungusha kufuata saa ni gia nyepesi, ukizungusha kinyume ni gia nzito, na ngoma yenyewe inaendelea kuzunguka upande uleule. Kwa hiyo swichi ya kurudisha nyuma kwenye drili ndiyo gia yako ya pili. Unatweka kwa mbele, inapoanza kulemewa unaachia kifyatuo, unasubiri isimame kabisa, unabonyeza swichi, unaendelea kwa nyuma. Usibadilishe ikiwa bado inazunguka, unaua gia za drili.

Lililobaki ni mkono wako. Kila nguvu drili inayoipa winchi, inataka kukurudishia wewe. Drili ya umbo la bastola ukiichomeka kutoka juu, mshikio wake unatokeza pembeni kiasi cha sentimita 15 kutoka katikati ya winchi. Nyutonimita 37 kwa umbali huo ni kama kilo 25 zinazotaka kukupindua kifundo cha mkono. Drili ya nyutonimita 80 ikikwama ghafla kwa nguvu yake yote, ni zaidi ya kilo 50, na zinakuja bila taarifa. Nimeona kidole gumba kilichoteguka kwa njia hii, na kimoja kinatosha. Drili nyingi nzito huja na mshikio wa ziada unaofungwa ubavuni. Kwenye winchi huo si wa hiari. Funga, shika kwa mikono miwili, simama miguu ikiwa imepanuka, na hakikisha mshikio hauwezi kubana vidole vyako kwenye kitu chochote utakapozunguka.

Ndiyo maana wanaofanya jambo hili kila wiki huishia kununua drili ya kona, ile ambayo kichwa chake kimepinda kwa pembe mraba, iliyotengenezwa kwa mafundi wa umeme na bomba wanaotoboa katikati ya mbao za ukuta. Ukiichomeka kwenye winchi, kiwiliwili chake kinalala juu ya sitaha kama hendeli. Mkono wako uko sentimita 40 kutoka katikati, na zile kilo 25 zinageuka kuwa 9 au 10. Inaendana na mwili. Pia unaweza kukaa chini ukaifanya kazi, jambo ambalo kwa mtu mwenye bega bovu lina maana kubwa. Kasoro yake ni kwamba nyingi hazina klachi ya namba, kwa hiyo unarudi kwenye macho na sikio. Kama mko wawili na mmoja bega lake halitamaniki, mimi ningenunua ya kona yenye kinga ya kielektroniki inayoikata mashine inapojipindua ghafla. Kama ni kujaribu tu msimu mmoja, tumia mliyonayo na pete ya klachi.

Usiguse kabisa mashine ya kufungulia nati kwa mapigo, ile fupi inayotoa mlio wa bunduki. Namba zake za nyutonimita zinavutia, lakini kila pigo linapita kwenye meno ya gia na vijino vya winchi vilivyotengenezwa kwa mzunguko laini wa mkono. Hapo mzee atakuwa na haki kamili. Na kama drili yenu ina alama ya nyundo ya kutobolea zege, hakikisha imezimwa.

Kasi nayo. Mkono wa mtu huzungusha hendeli mara 60 kwa dakika kazi ikiwa nyepesi. Drili kwenye gia yake ya chini hufika 400 au 500, na kwenye ya juu hufika 1,500 na zaidi. Ya juu isahau. Hata ile ya chini, kifyatuo kikiwa kimekandamizwa hadi mwisho, kwenye gia nyepesi ya winchi inavuta kamba karibu mita moja kila sekunde. Hakuna taya za winchi, zile za juu ya ngoma zinazoishika kamba, zinazolisha kamba vizuri kwa kasi hiyo. Kamba inaruka kutoka kwenye taya, au inapanda juu ya mizunguko mingine na kujifunga fundo la kujinyonga, na hapo utaimba. Mimi nalenga mizunguko 150 kwa dakika. Kwa mlingoti wenye henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, ya mita 15 inayopita kwenye winchi, kazi nzima ni kama mizunguko 126 ya drili kwenye gia nyepesi, chini ya dakika moja. Unaharakia wapi? Zungusha kamba mara tatu kwenye ngoma kabla ya kuiingiza kwenye taya, nne ikiwa kamba ni mpya na inateleza, na uanze taratibu hadi uone imekaa.

Drili ina jambo moja zuri ambalo winchi ya umeme ya kudumu haina kila mara: ukiachia kidole, inasimama. Kwa hiyo kama drili yenu ina kitufe cha kufunga kifyatuo kibaki kimebonyezwa, mkatazane kukigusa. Nywele ndefu zifungwe, mikono ya koti ikunjwe, na mtu anayeshika mkia wa kamba akae mbali na ngoma. Watu wamepoteza vidole kwenye winchi zenye mota, na ngoma haitofautishi kamba na glavu.

Sasa biti. Tundu la juu la winchi nyingi za kisasa ni nyota ya pembe nane, upana wa milimita 17.5 kutoka ubapa hadi ubapa. Zinauzwa biti maalumu za nyota hiyo, nyingine za chuma kisichoshika kutu, nyingine za alumini ngumu. Chagua yenye shina la pembe sita, kwa sababu taya za drili hushika shina la mviringo vibaya, na drili ikizunguka kinyume chini ya mzigo taya zisizo na ufunguo hulegea zenyewe. Hata ukiwa na shina la pembe sita, kila baada ya kutumia gia nzito kaza tena. Biti iwe na ukingo unaoizuia isizame hadi chini ya tundu, isije ikasukuma kitu kilichomo ndani. Usikate hendeli ya zamani ukaichonga kuwa biti isipokuwa unajua imetengenezwa na nini. Nyingi ni alumini ya kumimina na hukatika kama biskuti. Mashua za zamani sana zina matundu ya maumbo mengine, kwa hiyo pima kabla ya kununua.

Kumbuka pia kwamba hendeli ya kawaida ina kitasa chini kinachojifunga ndani ya tundu. Biti haina. Usipoikandamiza, inapanda polepole hadi inazunguka kwenye ncha za nyota na kuzila. Ikishakula nyota ya winchi, hata hendeli itaanza kuteleza. Biti ikianguka kwenye sitaha iliyoinama ina njia moja tu ya kwenda.

Kabla ya hayo yote, fungua winchi zenu. Sisemi hivi kwa mazoea ya fundi. Ndani ya ngoma kuna vijino vidogo vyenye springi vinavyoshika meno na kuizuia ngoma isirudi. Ni hivyo vinavyobeba mzigo unapotoa hendeli, na ni hivyo vinavyoilinda drili yako: mradi vinafanya kazi, mzigo wa tanga haufiki kwenye drili inaposimama. Vikinata kwa sababu ya chumvi na grisi iliyoganda, ngoma inarudi kwa kishindo, na kama drili iko ndani ya tundu inazunguka nayo pamoja na mikono yako. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi ya winchi kwa wembamba kwenye gia na mihimili. Vijino na springi zake usivipake grisi. Tone la oili nyepesi linatosha. Grisi kwenye vijino ndiyo inayovinatisha, na ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kwenye winchi za watu. Bonyeza kila kijino kwa kidole: kinatakiwa kuruka nje chenyewe. Kisicho na haraka, badilisha springi. Na usiiache drili ikisimama ndani ya winchi ukaenda kufanya kazi nyingine. Ukimaliza, itoe.

Kuhusu kazi zenyewe. Kutweka tanga kuu ndiyo kazi ambayo drili ilizaliwa kuifanya: ni ndefu, ni nyepesi mwanzoni, na inachosha bega kuliko nyingine. Mimi natweka kwa drili hadi inapobaki kiganja kimoja, naiweka chini, namalizia kwa hendeli kwenye gia nzito. Ile mizunguko ya mwisho ndiyo inayoamua umbo la tanga, na mkono unaisoma vizuri kuliko mashine. Mpe mzee kazi hiyo kwa mkono wake wa kushoto. Ni mizunguko michache, na ataona bado ni nahodha.

Demani (kamba za kuongozea tanga) za tanga la mbele wakati wa kubisha, yaani kwenda kwa kukata upepo kushoto na kulia, sawa pia, ila nyinyi mko wawili. Ukigeuza mashua haraka na kuvuta kamba kwa mkono kabla tanga halijajaa upepo, winchi inabaki na kazi ndogo ambayo hendeli inaimaliza kabla hujatoa drili mfukoni. Drili inafaa pale mliposhindwa kuwahi na tanga limeshajaa.

Kamba ya kukunjia tanga la mbele kwenye bomba lake ni hadithi nyingine, na hapa sitaki mzaha. Tanga la kujikunja likigoma, mara nyingi sababu iko juu kabisa: henza imejizungusha kwenye waya wa mbele wa mlingoti kwa kuwa haikukazwa, au pembe yake si nzuri. Kwa mkono utahisi kama imegonga ukuta, na utaacha. Kwa drili utaisokota henza juu ya waya, utapinda bomba la alumini, na ukiendelea unaweza kukata nyuzi za waya unaoushikilia mlingoti usianguke nyuma. Mlingoti umeanguka kwa sababu ndogo kuliko hii. Kamba ya kukunjia tanga ivutwe kwa mkono. Ukihitaji winchi, iwe kwa hendeli, na mtu atazame juu. Ikigoma, legeza demani kidogo au geuza mashua upepo utoke nyuma, tanga kuu lilifiche lile la mbele, uone kama mzigo unapungua.

Betri. Watu wanaihofia kuliko inavyostahili. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Kutweka tanga kwa mvuto wa wastani wa kilo 60 kwa mita 15 ni kama wati-saa mbili na nusu za kazi halisi. Ongeza msuguano wa winchi, makapi, mlingoti na joto la mota, sema saba au nane. Kwa hiyo betri moja inatweka tanga zaidi ya mara kumi. Betri mbili na chaja inayochukua umeme wa volti 12 wa chombo zinakutosha safari ya siku nyingi. Linganisha na winchi ya umeme ya kudumu ya wati 1,000, ambayo kwenye volti 12 inavuta ampea zaidi ya 80 na inataka nyaya nene kama kidole kutoka kwenye betri. Joto ndilo linaloua drili. Ukisikia harufu ya vanishi iliyoungua, umeshachelewa kidogo. Iache ipumue, au iendeshe bila mzigo dakika moja feni yake iipoze. Kuizungusha polepole sana chini ya mzigo mkubwa ndiko kunakoipika, kwa kuwa feni haizunguki vya kutosha. Kwa hiyo ikilemewa, hamia gia nzito mapema.

Drili za kawaida hazikutengenezwa kwa maji ya chumvi. Mfuko usiopitisha maji, kitambaa chenye maji baridi ya kunywa kuifutia jioni, na oili ya kuzuia kutu kwenye taya, itaishi misimu kadhaa. Betri ya lithiamu iliyolowa maji ya bahari usiichaji tena na usiishushe ndani ya mashua; iweke kwenye kopo lisiloungua mahali penye hewa hadi mfike nchi kavu. Pia drili zenye brashi hutoa cheche ndani ya mota, kwa hiyo isitumike karibu na mvuke wa petroli au gesi ya kupikia. Ya mota isiyo na brashi ni afadhali.

Kama siku moja mtaingia mashindanoni, someni maelekezo ya mashindano kwanza. Kanuni ya 52 ya mbio za mashua inataka matanga na kamba viendeshwe kwa nguvu za wahudumu wa chombo tu, isipokuwa waandaaji wameibadilisha.

Mlingotini sasa. Kwa nguvu, drili inaweza: mtu wa kilo 85 kupandishwa mita 15 ni kazi ndogo kuliko mnavyodhani, haifiki wati-saa 4 kabla ya hasara. Nguvu siyo shida. Shida ni kwamba anayekupandisha hahisi mguu wako ulionasa kwenye waya wa pembeni, wala hahisi umefika kwenye kapi. Ukifika kwenye kapi na drili ikavuta nusu mzunguko zaidi kwenye gia nzito, mzigo unaruka kutoka uzito wako hadi mamia ya kilo kwenye shakeli (pingu ya chuma) uliyoning'inia. Na mzee atakuwa ameshika mashine kwa mikono miwili, mmoja mbovu, bila wa tatu wa kushika mkia wa kamba.

Kwa hiyo hapana, asikupandishe kwa drili. Panda kwa ngazi ya kitambaa inayopandishwa kwenye reli ya mlingoti, au kwa vishikio vya kupandia kamba kama vya wapanda miamba, ambavyo unajipandisha mwenyewe kwa miguu. Jifunge kwenye henza ya pili, ambayo mzee anaivuta ulegevu wake kwa mkono wa kushoto kupitia winchi ya upande mwingine na kuifunga kila unapopumzika. Henza ifungwe kwenye mkanda wako kwa fundo, si kwa shakeli ya kufyatua. Beba taa mpya kwenye mfuko uliofungwa kamba, na kabla hujaondoka kwenye sitaha hakikisha drili iko chini, ndani, betri ikiwa imetolewa.